Tulikwenda Hindi kwa Ajili ya Moyo, Tukakuta Tiara

Wazee wetu wa Malindi wangalituona wajinga. Tangu jadi mtu wa pwani aendaye Bara Hindi hungoja kusi, apate upepo wa kumsukuma kutoka huku kwenda kule. Kaskazi inapokaza, kuanzia Desemba hata Machi, huo ni wakati wa vyombo vya Hindi na Arabuni kuja kwetu, si wetu kwenda kwao. Sisi tulifunga safari mwanzoni mwa Januari 2024, kaskazi ikivuma barabara na mivinje ya ufukweni imelala upande mmoja. Lakini ndege haina habari na kusi wala kaskazi, na moyo wa mama yetu haukuwa na nafasi ya kungoja Aprili.

Tulikuwa watu wanne. Mama, mwenye umri wa miaka 61, mimi, dada yangu akaaye Mnarani, Kilifi, ambaye alihitajika kwa zile kazi za wodini ambazo mtoto wa kiume hawezi kumfanyia mamake, na binti yangu wa miaka 11, ambaye kwa kweli hakuhitajika kwa lolote. Huyo alikuja kwa sababu nyanyake alikata shauri kwamba bila mjukuu hapandi ndege. Shule zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa. Tulibishana wiki nzima, na Mama akashinda, kama ilivyo kawaida yake.

Mama ni mpishi wa barabarani. Kwa miaka thelathini na zaidi ameketi kila jioni penye kona moja ya mtaa wa Shella, Malindi, na jiko lake la makaa na karai kubwa nyeusi, akiuza bajia, viazi karai na kachori. Mnamo 2020 alianza kuhema. Kwanza ilikuwa akipanda ngazi, kisha akienda sokoni, mwishowe akiwa ameketi tu. Zahanati moja ilimtibu pumu kwa muda wa miaka miwili. Haikuwa pumu. Alipopimwa moyo kwa mashine huko Mombasa ndipo tulipoambiwa kwamba mlango mmoja wa moyo wake, ule upitishao damu kutoka chumba cha juu cha kushoto kwenda cha chini, umekakamaa na kusinyaa.

Hapa, msomaji mpenzi, niruhusu nitoke kidogo njiani. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huo mara nyingi huanza utotoni, kwa maumivu ya koo tu. Mtoto analalamika koo, hapewi dawa inayofaa, koo linapona lenyewe. Baada ya majuma machache viungo vinavimba na homa inapanda, na hiyo homa ndiyo inayouma milango ya moyo. Jeraha hilo hukaa kimya miaka mingi. Mama anakumbuka homa hiyo. Alikuwa na miaka tisa, akachuliwa mafuta ya nazi, akapona. Kumbe hakupona.

Upasuaji wa namna hii hufanywa Kenya pia, lakini tuliambiwa tungoje, na muda wa kungoja haukutajwa. Basi tukafanya kama wafanyavyo Wakenya wengi siku hizi: tukaandikia hospitali moja ya Bara Hindi, tukapewa bei, tukaitisha harambee. Ilitakiwa karibu laki tisa za Kenya. Jamaa wa Shella walichanga, wavuvi wakachanga, wenye tuktuk wakachanga, na Mbohora mmoja mwenye duka mjini akatoa kitu chake bila kutaka kutajwa. Huyo huyo ndiye aliyetupatia mahali pa kulala, kwa mama mmoja wa jamaa zake katika mji wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat.

Maneno ya jikoni

Tangu Malindi hadi Mombasa, Mombasa hadi Nairobi na Nairobi hadi Mumbai, mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Nilishika pasipoti, nilijaza fomu, nilisema Kiingereza. Tulipokanyaga Mumbai uongozi ukanitoka mkononi. Katika stesheni ya gari la moshi mchukuzi mmoja alitaka rupia nyingi kwa mizigo yetu. Nikaanza kubembeleza kwa Kiingereza. Mama, aliyekuwa ameketi juu ya begi akitafuta pumzi, akanyanyua kichwa na kumwuliza yule bwana, “Ketla?” Akaambiwa. Akapiga makofi kwa mshangao: “Bahu monghu!” Yule mchukuzi akacheka hata akashika kiuno, na bei ikashuka karibu nusu.

Sisi watoto tulikuwa tumesahau, au labda hatukupata kujali. Mwaka 1976, akiwa msichana wa miaka kumi na minne, Mama alikuwa yaya katika nyumba ya familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la nguo mjini Malindi. Alikaa nao miaka sita hivi, mpaka walipouza duka wakahamia Uingereza. Jikoni kwao ndiko alikojifunza bajia zilizotusomesha, na pamoja na bajia alijifunza Kigujarati: si cha kusoma wala kuandika, bali cha kuuliza bei, kugombeza watoto na kuamrisha maji yachemshwe. Miaka arubaini na zaidi hakukitumia. Alikuwa amekiweka tu, kama mtu anavyoweka kanga ya harusi chini ya sanduku.

Safari ya gari la moshi kutoka Mumbai hadi Ahmedabad ni saa sita au zaidi, na Mama aliitumia kumfundisha mjukuu wake. La ajabu ni kwamba kila neno la pili mtoto alisema, “Lakini Nyanya, hilo ni Kiswahili!” Pesa. Gari. Laki. Bima. Dobi. Bangili. Chapati, achari, kachumbari. Hata karai lenyewe. Hayo yote tumeyapata kwa Wahindi, mengine yamebadilika kidogo, mengine hayakubadilika kabisa. Mpaka tunafika mto mkubwa wa Narmada binti yangu alikuwa na ukurasa mzima.

Karibu na mlango wa mto huo ndipo ulipo mji wa Bharuch. Kitabu kimoja cha mabaharia, kilichoandikwa kwa Kigiriki yapata miaka elfu mbili iliyopita, chasema kwamba samli, mchele, ngano, mafuta ya ufuta na nguo za pamba zilipakiwa huko na kuvuka bahari hadi pwani za Afrika upande wa Usomali. Na kwetu pia dalili zipo. Aliyetembelea magofu ya Gede, kusini ya Malindi, ataikumbuka nyumba iitwayo Nyumba ya Taa ya Chuma. Taa hiyo, iliyofukuliwa katika uchimbuzi ulioanzishwa na James Kirkman mwaka 1948, ilitoka Hindi. Vasco da Gama naye, alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, aliwakuta Wahindi na vyombo vyao wameshatangulia. Vitabu tulivyosoma shuleni vilitwambia kwamba rubani aliyemvusha alikuwa Mwarabu mashuhuri, Ahmad ibn Majid. Wachunguzi wa siku hizi wanalikataa jambo hilo, na wengi wao wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Wareno walimwita Malemo Cana, na hilo “malemo” si jingine ila mwalimu, kama walivyoitwa waongoza vyombo. Waliondoka Malindi Aprili 24 na kufika Calicut Mei 20. Kurudi, Vasco hakungoja majira ya upepo. Alikaa baharini miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa njiani, na alipoiona tena Malindi ilikuwa Januari 1499. Wazee wetu wangalimwambia.

Mji wa Ahmad Shah

Ahmedabad ulijengwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 ukingoni mwa mto Sabarmati. Ni mji wa pamba. Kiwanda chake cha kwanza cha nguo kilianza mwaka 1861, vikafuata vingine vingi hata moshi ukawa sehemu ya anga. Na ingawa vingi vya vile vikubwa vimekwisha kufungwa, Gujarat haijaacha kutuvisha. Leso nyingi wanazofunga mama zetu Malindi na Kilifi huchapwa Hindi, na mji mmoja wa jimbo hilo, Jetpur, unajulikana sana kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 mji mkongwe wa Ahmedabad uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, wa kwanza kupewa heshima hiyo katika Hindi nzima.

Mji huo mkongwe umegawanyika katika mitaa midogo iitwayo pol. Kila pol ina lango lake, vichochoro vyake ambamo watu wawili hupishana kwa ubavu, na nyumba ndefu nyembamba za mbao zilizochongwa. Aliyezoea Mji wa Kale wa Mombasa hatapotewa na akili, isipokuwa kwa wingi wa pikipiki. Na katikati ya mtaa, mara nyingi, unasimama mnara mdogo uliopambwa, kazi yake ni moja tu: kuwekea ndege nafaka na maji. Tafadhali ukumbuke mnara huo, nitaurudia.

Asubuhi zilikuwa za baridi. Sisi watu wa joto tulivaa nguo zote tulizokuwa nazo. Mwenyeji wetu, mjane wa Kibohora wa makamo ya Mama, alitupa chumba cha chini kwa sababu ya moyo, na siku ya kwanza walisalimiana kwa mashaka kidogo. Siku ya pili nilirudi kutoka hospitali nikawakuta jikoni wanabishana kuhusu bajia: mwenyeji anasema hamira haiingii humo kamwe, Mama anasema basi yeye amewalisha watu wa Malindi makosa kwa miaka thelathini na hakuna aliyekufa. Walikuwa wakiitana “ben”, yaani dada.

Hospitali ilimpima Mama kwa siku tatu, kisha daktari akatoa tarehe: Jumatano, Januari 17. Tukauliza kwa nini si mapema, Ijumaa au Jumatatu. Daktari alitutazama kama watu waliotoka mwezini. “Jumapili na Jumatatu ni Uttarayan,” akasema. “Mji mzima utakuwa juu ya mapaa. Na chumba cha dharura kitakuwa kimejaa.”

Mama alipewa masharti. Kukaa ruhusa. Kula kidogo, bila chumvi, ruhusa. Kupanda ngazi, hata moja, marufuku.

Uttarayan ni sikukuu ya jua. Wahindu husherehekea siku ambayo jua huanza safari yake ya kurudi kaskazini, na huko Gujarat husherehekewa kwa kurusha tiara. Usifikirie tiara za watoto wa kwetu, za karatasi ya gazeti, njiti za chelewa na mkia wa kitambaa. Huko hurusha wazee, mahakimu, mabibi harusi, wauza maziwa. Tiara yao ni ndogo, ya pembe nne, ya karatasi nyembamba na vijiti vya mwanzi, haina mkia, na huuzwa kwa “kodi”, yaani ishirini ishirini, kama korija yetu ya boriti. Huhitaji nyingi, kwa sababu shabaha si kuirusha bali kuikata ya mwenzio.

Ndiyo sababu ya ule uzi. Barabarani, siku zile kabla ya sikukuu, mafundi walikuwa wametandaza nyuzi kutoka nguzo hadi nguzo, nao wanatembea kwenda na kurudi, vidole vimefungwa vitambaa, wakiupaka uzi uji wa wali uliochanganywa rangi ya waridi na chupa iliyosagwa. Ukikauka unakata kama wembe. Mafundi wa tiara wengi ni Waislamu, wa mitaa kama Jamalpur, na wanunuzi wengi ni Wahindu. Mji huu ulipata msiba mkubwa wa ghasia za dini mwaka 2002, na hata leo watu wa dini hizi mbili wengi wao wanaishi mbalimbali, kila mmoja nyuma ya lango lake. Mimi si mtu wa kuamini kwamba karatasi na gundi vinaweza kuponya jambo kama hilo. Naeleza tu nilichokiona: mzee mwenye kofia ya kiua akimchagulia mteja wa Kihindu tiara, akiipeperusha moja moja penye taa kutazama kama imenyooka, wala hawana haraka.

Ijumaa nilikwenda kuswali katika msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 au 1573. Huo ni msikiti mdogo wenye sifa kubwa, kwa ajili ya madirisha yake ya mawe. Moja lina mti uliochongwa, matawi yake yanazungukana mithili ya uzi uliotatana, na katikati unatokea mti mwingine ambao binti yangu, alipoutazama kutoka nje, aliuita mnazi pasipo kusita. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda vyeo katika utawala wa masultani wa Gujarat. Uzao wa Waafrika, waliokwenda kama watumwa, askari au mabaharia, bado uko: huitwa Masidi, na wamo katika Ahmedabad, katika kijiji cha Jambur karibu na msitu wa Gir, na Ratanpur upande wa Bharuch. Wanasema Kigujarati kama jirani zao. Nje ya msikiti mzee mmoja wa sura ambayo ungeweza kuikuta Takaungu alitusimamisha, akauliza tulikotoka. Mama alikuwa ndani ya riksho, ile ile tuktuk yetu, akamjibu. Mzee hakujua Malindi. Alijua Afrika. Kisha akapiga magoti yake kwa viganja, taratibu, halafu kwa kasi, akasema, “Goma.” Mama akamjibu, “Ngoma.” Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, akarudia, “Goma, goma,” na dereva akapiga honi kwa sababu tulikuwa tumeziba njia.

Januari 14

Jumapili nilizinduka kabla ya alfajiri kwa sauti za filimbi na muziki wa sinema. Dada yangu na binti yangu walikwisha panda juu. Nami nikapanda, ghorofa tatu, na nilipotokeza kwenye paa nikamaka. Mji ulikuwa umehama. Chini hapakuwa na mtu. Juu, kila paa mpaka upeo wa macho, watu walisimama bega kwa bega, na hewani tiara zisizo na hesabu, kama kumbikumbi wa mvua wanaporuka kwenye taa. Kila dakika paa moja lilipasuka kwa kelele: “Kai po che!” maana yake tumeikata. Tiara iliyokatwa huanguka ikiyumba, na watoto hukimbia vichochoroni kuikamata kwa vijiti virefu vya miiba.

Mama alikuwa chini peke yake. Niliposhuka kumpa dawa alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza kwenye dari. Hakusema kitu. Nilimweleza yaliyoko juu, kama mtu anavyomweleza kipofu, akanisikiliza kwa adabu. Mwishowe akasema, “Mwanangu, Jumatano wanipasua kifua. Nikienda, nimekwenda. Nitawaambia nini wenzangu huko, kwamba nimekuja Hindi nikaona dari?”

Sikuwa na jibu. Mwenyeji wetu alikuwa nalo. Alitoka kibarazani akaita kwa sauti moja tu, na vijana wanne wakaja, wawili wa jamaa zake na wawili wa Kihindu wa paa la pili. Wakamketisha Mama katika kiti cha plastiki, wakamfunga kiunoni kwa leso yake mwenyewe, wakamnyanyua. Ngazi zile ni nyembamba na wima kama ngazi za minazini. Mimi nilikuwa nyuma nikisoma kila dua niliyoijua, na nikifikiri juu ya neno “marufuku”: je, daktari alikataza kupanda au kupandishwa? Mama alikaza macho. Penye pembe ya pili, kiti kilipoinama, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, “Polepole nanyi! Mimi si maiti bado!” Hakuna aliyeelewa ila mimi na dada yangu, na dada akaangua kicheko kilichogeuka kilio katikati.

Alikaa juu tangu saa tatu asubuhi hadi magharibi. Walimwekea kivuli cha shuka. Jirani zetu Wahindu walipitisha juu ya ukuta sinia la undhiyu, mboga yao ya siku hiyo: viazi vikuu vya zambarau, biringani, ndizi na maharagwe mabichi, vyote vimepikwa kwa mafuta mengi, na jalebi, na vipande vya ufuta na karanga vilivyogandishwa kwa sukari guru. Mama aliuma kimoja. “Hii si kashata?” akauliza. Ni kashata. Na neno “guru” lenyewe ni lao. Hakuridhika kupokea tu. Aliagiza jiko, karai, unga wa dengu, viazi, na akiwa ameketi pale pale, mkono mmoja kifuani, akamwongoza dada yangu na mwenyeji wetu kupika viazi karai vya Malindi, na ukwaju wake. Sinia likarudi juu ya ukuta limejaa. Likaja tena tupu. Mzee mmoja wa paa la tatu akapaza sauti kuuliza ni chakula cha wapi, na Mama akajibu kwa Kigujarati kwamba ni chakula chao wenyewe, kilikuwa safarini tu.

Si yote yalikuwa mazuri. Uzi ulinikata kidole hata mfupa ukakaribia kuonekana, kwa kujifanya fundi. Kila mwaka uzi huo hukata shingo za wapanda pikipiki, na wengine hufa. Wengi hufunga upinde wa waya mbele ya usukani kujikinga. Uzi wa nailoni, ambao ni mkali zaidi na haukatiki, ulipigwa marufuku mwaka 2017, lakini nilimwona kijana akiutoa mfukoni bila aibu. Na ndege! Mchana njiwa alianguka juu ya paa letu, bawa limefumuliwa. Kutoka hapo nilipokuwa nimesimama niliuona ule mnara wa kulishia ndege, umejaa mtama, na nyuzi za waridi zimeuzunguka kila upande. Binti yangu akamfunga njiwa katika ushungi wake, na mmoja wa wale vijana akampeleka kwenye kituo cha waganga wa mifugo. Serikali ya jimbo huweka vituo hivyo kila Januari. Mtoto hakurusha tiara tena siku hiyo. Alikaa miguuni pa nyanyake.

Usiku ulipoingia wakapandisha taa: taa za karatasi zenye mshumaa ndani, zimefungwa mfululizo kwenye uzi wa tiara moja kubwa, moja chini ya nyingine, hata zikawa ngazi ya moto inayopanda gizani. Mama alizihesabu. Alifika kumi na moja, akaomba kushushwa.

Jumatano walimchukua saa moja asubuhi. Alikuwa ndani muda wa saa tano na dakika kumi. Sina la kusema juu ya saa hizo, isipokuwa kwamba mwenyeji wetu alikuja na tasbihi yake, akaketi nasi, hakusema neno. Daktari alipotoka, kofia mkononi, alisema mlango wa zamani ulikuwa mgumu kama kifuu. Wameutoa na kuweka wa chuma.

Tulirudi Malindi mwishoni mwa Februari, na Ramadhani ikaingia mwezi Machi, msimu wa biashara kuliko yote. Mama hakuruhusiwa kunyanyua karai. Anameza vidonge vya kuzuia damu isigande, na atavimeza maisha yake yote. Damu hupimwa kila mara, mboga za majani anakula kwa kipimo kile kile kila juma, na kisu cha kumenyea viazi amenyang'anywa, kwa maana jeraha dogo likianza kuvuja haliishi. Sasa dada yangu huja kutoka Mnarani siku tatu kwa juma kupika, na Mama huketi kando akimkosoa. Unga wa bajia anauchanganya mwenyewe. Hamira hatii tena, na ukimwuliza kwa nini, hukujibu kwamba haimo, haijapata kuwamo.

Mlango wa chuma hulia. Mchana husikii kitu, kwa tuktuk na kelele za Shella. Lakini usiku, mji ukitulia, ukikaa karibu naye utausikia, tik, tik, tik. Binti yangu hulala chumba kimoja na nyanyake. Asema asipousikia hapati usingizi.